Waliolima Unguja Wastahiki Kutajwa

Jamii inayokula kwa jasho la wakulima wake bila ya kuwajua kwa majina huishia kuamini kwamba mali yake imeota juu ya kuta za mjini. Ndivyo ilivyo Unguja. Anayetembezwa Mji Mkongwe huoneshwa Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, huoneshwa milango ya nakshi na mabaraza ya matajiri wa zamani, na huelezwa nani alijenga na nani alitawala. Lakini ni nadra kuambiwa kwamba fedha nyingi zilizosimamisha majumba hayo, pamoja na zile za pembe za ndovu na za biashara ya watumwa, zilitoka katika mashamba ya karafuu, na ni nadra zaidi kutajiwa hata mtu mmoja aliyeutunza mkarafuu kwa mikono yake. Sehemu ya Beit el Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 kisiwa kizima kilishituka, na kilikuwa na haki ya kushituka. Lakini wakulima hodari wanakufa kila mwaka na elimu yao, wala hakuna anayeshituka.

Wapo walimwengu wasiofanya hivyo. Katika jimbo la Saskatchewan huko Kanada, nchi ya mbuga tambarare zilizogeuzwa mashamba ya ngano, picha na habari za watu walioukuza ukulima wa jimbo hilo zimewekwa katika makumbusho ya mji wa Saskatoon. Kanada humkumbuka pia Charles Saunders, mtaalamu aliyeichagua na kuisambaza, mwanzoni mwa karne ya 20, ngano iitwayo Marquis, ambayo huiva mapema kabla ya baridi kali kuiharibu, na ambayo mmoja wa wazazi wake ni ngano iliyotoka India. Watu hao hawakukumbukwa kwa kutawala wala kwa kupigana vita. Waliongeza kitu katika shamba, na kwa hicho wakahesabiwa. Kipimo hicho ndicho kinachofaa kutumiwa Unguja: asiulizwe mtu alimiliki mashamba mangapi, bali aliongeza nini katika elimu au kazi ya kilimo.

Kwa kipimo hicho, wa kwanza kupimwa ni Saleh bin Haramil Al-Abri, mfanyabiashara wa Kiomani. Karafuu si mmea wa asili ya Afrika. Asili yake ni visiwa vya Maluku katika Indonesia ya leo, ambako Waholanzi waliulinda kwa ukali ili pasiwe na mwengine wa kuuza, mpaka Mfaransa Pierre Poivre alipofanikiwa mnamo 1770 kupata miche ya magendo na kuiotesha Mauritius, ikaenea hadi Réunion. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa, kabla ya mwaka 1820, Saleh aliuleta mkarafuu Unguja. Mashamba yake baadaye yaliangukia mikononi mwa mfalme, Sayyid Said bin Sultan, na pamoja na mashamba, sifa nayo ikahamia kwake, kwa hiyo leo wengi humtaja Sayyid Said kana kwamba ndiye aliyeuleta mti wenyewe. Sayyid Said alifanya jambo jengine, nalo ni kubwa: aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na mwenye kukaidi alikuwa katika hatari ya kunyang'anywa shamba lake. Amri hiyo ilikifanya kisiwa kuwa mashuhuri duniani, lakini pia ilikitegemeza kwenye zao moja, hata kimbunga cha Aprili 1872 kilipopiga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja huku Pemba ikinusurika, na tangu wakati huo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Haki inadai Sayyid Said atajwe kwa yote mawili.

Hata hivyo, si Saleh wala Sayyid Said aliyepanda juu ya mti. Mkarafuu hukaa miaka sita na zaidi kabla ya kuzaa, na matawi yake ni mepesi kuvunjika. Matumba yake huchumwa kabla hayajafunguka, kwa sababu yakipitiliza huwa mpeta, yaani karafuu iliyovimba na kupoteza thamani. Kisha huchambuliwa ili makonyo, ambayo ni vikonyo vya kishada, yatengwe, na huanikwa juani juu ya majamvi hadi yakauke sawasawa, yakikingwa na mvua isiyotabirika ya Unguja. Kila hatua ina ujuzi wake, na ujuzi huo katika karne ya 19 ulikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa watumwa walioletwa kutoka bara, ambao waliupata kwa kulazimishwa na wakaurithisha bila ya malipo. Wapo wasemao kwamba kuwakumbuka waasisi wa karafuu ni kuupamba utumwa. Ingekuwa hivyo kama wangetajwa wenye mali peke yao. Wakitajwa na waliofanya kazi, kumbukumbu hiyo hugeuka kuwa ushahidi juu ya utumwa wenyewe.

Wala isisemwe kwamba haiwezekani jina la mtumwa kubaki. Katika kisiwa cha Réunion, mwaka 1841, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius alivumbua namna ya kulichavusha ua la vanila kwa kijiti chembamba na kidole gumba, yaani kuiunganisha chavua na sehemu ya kike ya ua, kazi ambayo mbali na kwao vanila, Amerika, hakuna mdudu wa kuifanya ipasavyo. Wapo waliotaka kumpokonya sifa hiyo, lakini bwana wake wa zamani, Bellier-Beaumont, aliandika kumtetea, na kwa maandishi hayo jina lake lipo mpaka leo, ijapokuwa mwenyewe alikufa fukara mwaka 1880. Kila mkulima wa Unguja anayeshika ua la vanila asubuhi katika shamba la viungo anafuata njia ya kijana huyo. Tofauti kati ya Albius na wachumaji wa Unguja si kipaji. Ni kwamba huyu alipata mtu wa kumwandika. Na hata Unguja majina hayakupotea yote, kwani katika Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, zimo kumbukumbu za watu walioachwa huru baada ya amri ya Sultan Hamoud bin Muhammed ya tarehe 6 Aprili 1897, zinazosubiri wasomaji.

Wageni waliobeba kalamu, kama ilivyotarajiwa, walijiandika. John Kirk, daktari wa Kiskoti aliyefika mwaka 1866 na baadaye kuwa balozi wa Uingereza, alipanda katika bustani yake Mbweni mimea ya nchi nyingi na kubadilishana mbegu na vielelezo na bustani ya Kew, London. R. O. Williams naye alitoa mwaka 1949 kitabu kikubwa juu ya mimea ya Unguja na Pemba ambacho bado kina faida. Wanastahiki nafasi yao, lakini mengi waliyoyaandika waliyapata kwa kuwauliza wenyeji wasiotajwa. Miongoni mwao huenda walikuwamo wakulima wa ardhi ya maweni, ile ya mawe ya matumbawe kusini na mashariki ya kisiwa, wanaojua kuotesha chakula katika vifuko vya udongo baina ya mawe na kujenga uzio wa mawe kuzuia nguruwe mwitu. Ujuzi huo haujapata jumba la makumbusho.

Mfano ulio karibu zaidi, na wenye kuumiza zaidi kwa kuwa bado muda upo, ni wa kilimo cha mwani. Katika miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeusomea mmea huo Hawaii, alionesha kwamba mwambao wa Tanzania unaweza kuulima badala ya kuuokota tu. Na mwaka 1989 kilimo hicho kikaanza Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Wanaume wengi walikiacha, wanawake wakakishika. Maji yakitoka wakati wa bamvua hushuka pwani na mambo, yaani vigingi, na kamba, hufunga vipande vya mwani kwa taitai, yaani nyuzi laini za kufungia, na baada ya wiki sita hivi huvuna mazao ambamo nchi za nje hutoa ute wa kugandisha vyakula na dawa za meno. Bahari ilipozidi joto, aina iitwayo kotonii, yenye bei nzuri, ikaanza kufa, ikabaki spinosamu yenye bei ndogo. Hapo Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar alishirikiana na wakulima hao kujaribu kuotesha kotonii katika maji ya kina kwa nyavu za mfano wa bomba, na kuwafundisha kutengeneza sabuni ya mwani badala ya kuuza malighafi tupu. Mtaalamu huyo anajulikana duniani, na anastahiki. Waliosimama naye majini hawajulikani hata skuli ya kijiji cha pili.

Itasemwa kwamba kilimo ni kazi ya jamaa, na kwamba kumtaja mmoja ni kuwasahau wengine. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama wote wangetajwa. Sasa hatajwi yeyote. Basi ni wajibu wa masheha wenye kuwajua watu wao, wa walimu wa skuli za Makunduchi, Donge na Bumbwisudi, wa watafiti wa Kizimbani, ambako mikarafuu ya mwanzo iliota, kuwauliza wakulima na kuandika: nani alileta mbegu ipi, nani aligundua njia ipi, nani alimfundisha nani. Maandishi hayo yapelekwe Kilimani na nakala yake ibaki kijijini. Wanawake waliofunga kamba za mwanzo Paje mwaka 1989 sasa ni bibi wenye wajukuu, na wengi wao wangali wakisimulia vizuri. Wenye madaftari na waanze kwao, na waanze mwaka huu.