Acheni kulaumu maiki

Kama unarekodi ukiwa Hagadera, ule mlio wa "zzzzz" unaujua vizuri. Hapa stima inatoka kwa jenereta za soko au kwa sola, na karibu kila kitu kinanguruma. Dawa yetu huwa moja: nunua maiki mpya. Mimi nasema tunatupa pesa.

Najua kwa sababu nilitupa zangu. Mwaka jana nilimrekodi ayeeyo akisimulia vile alitoka Kismayu 1991, hadi akaingia kambi hii ilipofunguliwa 1992. Dakika 40. Ayeeyo huongea polepole, sauti ya chini, na kusikiliza baadaye, maneno mengi yamemezwa na mngurumo. Nikamwomba arudie. Akakataa. "Nishasema. Safari hiyo siendi mara mbili."

Fundi mmoja akaniambia ni maiki. Nikanunua nyingine, shilingi 4,500. Mlio ni uleule. Nikachomoa chaja ya laptop, bado ikalia. Basi nikaamua chaja haina makosa. Hapo ndipo nilipotea.

Abti yangu hutengeneza redio sokoni. Ana osiloskopu ya betri, ndogo, inatoshea mkononi. Inakuchorea stima kama mstari: kwenda kulia ni muda, juu na chini ni volti. Tukaiunga kwenye waya wa sauti unaotoka kwa mikisa, kila mtu kimya. Mstari ungefaa kuwa tambarare. Wapi! Ulikuwa na meno, moja karibu kila milisekunde 10, na juu ya meno kumeota manyoya membamba.

Walahi, zilikuwa kelele mbili. Stima yetu ni ya hezi 50, yaani wimbi moja kwa milisekunde 20. Ndani ya saplai ya mikisa, kila wimbi hugeuzwa kuwa vilima viwili. Kapasita ndiyo huvilainisha. Ikichoka, vinapita hadi kwenye sauti. Hayo ndiyo meno. Manyoya yalikuwa ya chaja, ambayo hukata stima maelfu ya mara kwa sekunde.

Tukachomoa chaja: manyoya yakaisha, meno yakabaki. Sikio langu lilikuwa limesikia "bado" tu, kumbe kelele moja ilikuwa imeondoka. Kapasita mpya ilikuwa shilingi 50. Kurekodi laptop ikiwa kwa betri ni bure.

Najua mtasema hicho ni kifaa cha mainjinia. Jamani, Karl Ferdinand Braun alitengeneza cha kwanza 1897, na hiki cha abti kilikuwa rahisi kuliko maiki niliyonunua bure. Sisemi kila mtu awe nacho. Wanaorekodi watano wakichanga, wanapata kimoja cha kuzungusha. Ila msikiguse kwa stima ya ukutani, volti 240 haina utani. Pima upande wa sauti peke yake, na fundi awe karibu.

Rekodi ya ayeeyo ninayo bado, na mngurumo wake. Kuna programu za kupunguza, nimezijaribu, zinaondoa kelele pamoja na pumzi zake. Nimeacha.

Wewe labda mzee wako hajasimulia. Kabla hujamkalisha mbele ya maiki, pima laini yako kwanza.