Viboko Vinne Tunavijua, Rufaa Hatuijui

Februari Dar es Salaam ni tanuri. Feni ya darasani, kama ipo, inazungusha joto lilelile, na mashati ya wanafunzi yanaganda migongoni kabla ya saa nne. Katika mwezi huo, miaka ya nyuma nikifundisha Kiswahili shule moja ya kata hapa Ilala, kijana wa kidato cha pili alikuja amevaa sweta. Kesho yake akaja nalo tena, na wiki nzima ikapita hivyo. Nikamwambia avue, si sare. Akainama. Nikarudia kwa ile sauti ya mwalimu inayonyamazisha darasa zima, akavua. Mikono yote miwili, toka karibu na kiganja hadi kwenye kiwiko, ilikuwa na mistari ya wembe, mingine imepona, mingine mibichi. Nikampeleka kwa mwalimu wa nidhamu.

Akala viboko vinne. Kitabuni likaandikwa kosa: utovu wa nidhamu. Mwezi wa tatu hakuonekana shuleni, nami nikawa namwekea alama ya utoro kwenye daftari la mahudhurio, siku baada ya siku, hadi jina likakatwa.

Chuo cha ualimu kilinifundisha kuandika azimio la kazi, kuandaa andalio la somo, kutunga mtihani na kusahihisha. Sikumbuki hata kipindi kimoja kilichoniambia mtoto anayejikata mwenyewe ana nini, azungumzwe naye vipi, apelekwe wapi. Nilipoiona mikono ile nilikuwa na kitu kimoja tu cha kufanya, na kitu hicho kilikuwa kwenye kabati la mwalimu wa nidhamu.

Mwaka 2002 Wizara ya Elimu ilitoa mambo mawili. La kwanza ni kanuni za adhabu ya viboko: visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na adhabu iandikwe. La pili ni Waraka Namba 11 kuhusu huduma ya ushauri na unasihi shuleni. Ingia leo chumba cha walimu, Gerezani au Gongo la Mboto, uliza. Habari ya viboko vinne utatajiwa hata na wasioifuata. Ukiutaja ule waraka, utaulizwa, "Upi huo?" Yametoka mwaka mmoja, na kwa zaidi ya miaka 20 mtoto aliyevurugikiwa amekuwa akikutana na lile la kwanza.

Najua zipo shule zenye mwalimu wa unasihi. Ni mmoja, ana vipindi vyake kama wenzake, ana rundo la madaftari, na ofisi yake ni kona ya chumba kilekile ambamo walimu wengine wanakunywa chai. Msichana gani atakaa pale aseme mjomba anamfanya nini usiku? Na amwambie nani? Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 uliwauliza vijana wetu, na zaidi ya nusu walisema kabla ya kutimiza miaka 18 waliwahi kupigwa ngumi, mateke au kuchapwa na mwalimu. Karibu wasichana watatu katika kila kumi walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Tumetaka mtoto amfungulie moyo mtu yuleyule anayemwogopa.

Wapo watakaoniambia mwalimu si daktari. Hakuna aliyesema awe daktari! Mtoto akitetemeka kwa homa darasani, mwalimu hampi dawa ya malaria. Anamgusa paji la uso, anaita mzazi, anasema mpelekeni zahanati leo. Hiyo ndiyo kazi ninayoidai, wala si zaidi ya hiyo. Mwalimu wa darasa anamwona mtoto siku tano kwa wiki, saa nyingi kuliko anavyoonwa na baba anayetoka alfajiri kufungua kibanda Mtaa wa Kongo na kurudi watoto wamelala. Yeye ndiye anayeona mwandiko uliokuwa safi ukianza kulegea. Anaona aliyekuwa akikaa mbele amehamia nyuma kabisa, na aliyekuwa akigombania chapati wakati wa mapumziko sasa anabaki darasani peke yake, kichwa juu ya dawati. Anaona yote hayo, kisha anayaita uvivu, kiburi, utoro, kwa sababu hayo ndiyo majina aliyopewa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Chukua darasa la wanafunzi 70, ambalo kwa mwalimu wa shule ya kata si ajabu. Hao ni kumi.

Matatizo mengine ya namna hiyo tunayaita mapepo. Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Walioshikwa walifika 95 kati ya 159, na hakuna mwalimu aliyeshikwa. Machi shule ikafungwa, wasichana wakarudishwa makwao, na hali ileile ikazuka Nshamba, kwao baadhi yao. Miaka zaidi ya 60 imepita. Wasichana wakianguka na kupiga mayowe shuleni leo, tunaita waombaji, tunaita wa kusoma kisomo, kisha tunafunga shule. Sina ugomvi na dua. Mama akitaka kumsomea mwanawe amsomee. Lakini shule ya serikali isiyo na jibu lingine zaidi ya hilo haijajifunza chochote kutoka Kashasha.

Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, zaidi ya watu 20 walikufa, na baadhi walionasa chini walikuwa wakipiga simu kuomba msaada. Marehemu wale walikuwa na watoto. Januari shule zikafunguliwa, watoto wakavaa sare, wakapanga mstari. Nani alimwambia mwalimu wa darasa nini cha kutazama?

Na umbali tusiutaje. Kutoka shule za Tambaza, Azania au Jangwani hadi Hospitali ya Muhimbili, yenye idara ya magonjwa ya akili, ni mwendo wa miguu. Hospitali ya Amana ipo hapahapa Ilala. Mwalimu wa kijiji cha mbali ana haki ya kulilia umbali, sisi hatuna.

Kwamba jambo hili linawezekana, tulishaonyeshwa. Walimu wa sekondari wa Arusha na Meru walipewa mafunzo ya siku chache ya afya ya akili, kwa mtaala uliotokana na kazi ya daktari Stan Kutcher wa Kanada. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha uelewa wao umepanda na unyanyapaa umepungua. Mradi ule haukuishia kwa walimu. Wahudumu wa vituo vya afya nao walifundishwa kuitambua sonona kwa vijana na kuitibu. Ukimfundisha mwalimu peke yake, atampeleka mtoto mahali ambapo mpokeaji atamwambia aache kujidekeza.

Iko pia sheria inayomfunga mwalimu mdomo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mwalimu gani ataandika kwenye karatasi kwamba mwanafunzi wake alikunywa sumu, wakati karatasi hiyo inaweza kuishia polisi? Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha katiba. Wabunge wetu wanasubiri nini?

Ninachodai kwa Halmashauri ya Jiji kinatosha ukurasa mmoja. Wafundishwe walimu wote wa madarasa, si mmoja aliyeteuliwa kwa sababu ana sura ya upole. Kipatikane chumba chenye mlango unaofungwa. Na iwepo fomu ya rufaa yenye jina la mhudumu anayempokea mtoto, namba yake ya simu, na sehemu ya chini inayorudi shuleni kumwambia mwalimu mtoto alionwa lini na atarudi kliniki lini. Naitaka fomu hiyo iwe kwenye droo ya kila mwalimu wa darasa Januari shule zikifunguliwa, kabla Februari haijaingia na joto lake, na mtoto mwingine hajaja amevaa sweta.