Akiba ya Mji wa Jinja
Mwaka 1954 lilipofunguliwa bwawa la Owen Falls kwenye Mto Nile, huko Jinja nchini Uganda, umeme ulivuta viwanda, na viwanda vikavuta watu. Mji ukanawiri. Mwaka 1972 Waasia, waliomiliki viwanda na maduka mengi, walifukuzwa nchini. Mitambo mingi ikanyamaza, na nyumba zilizotegemea mshahara mmoja zikataabika.

Tarehe 1 Julai 2020 Jinja ilipandishwa hadhi ikawa jiji. Hata hivyo, hadhi haizibi mashimo ya barabara. Hapana budi jiji, kama mama wa nyumbani, litenge fungu la matengenezo kabla ya kujenga jipya, wala lisitegemee mlango mmoja wa mapato. Akiba haiozi.