Chombo Alichokiacha Mwenyewe

Wazee wetu wa pwani hawakipimi chombo kwa siku kinaposhushwa majini. Hukipima kwa miaka kinayodumu baada ya ngoma kunyamaza na sinia za pilau kuoshwa. Kushusha chombo ni kazi ya watu mia, wavutao kwa nyimbo na vifijo. Lakini kukikalafati kila msimu ni kazi ya watu wawili watatu, wasioimbiwa na mtu. Ndivyo ilivyo Lamu na Pate, na ndivyo ilivyo Usenge, kule ukingoni mwa Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Siaya, ambako mashua za mbao hutoka usiku na taa zao kuvua omena, na nyingine huvusha abiria kwenda kisiwa cha Mageta. Maji ya kule ni matamu na ya kwetu ni ya chumvi, lakini ufa wa ubao haubagui maji.

Nimeyatanguliza haya kwa sababu nataka kusema juu ya mchezo wa kompyuta, na najua baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu watakunja uso. Watasema, mchezo wa watoto umekuja kutafuta nini katika ukurasa wa utamaduni? Nawaomba subira. Mchezo ninaousema ni wa kurusha ndege za kivita, na wapenzi wake wengi ni watu wazima wenye mvi na wajukuu. Tena ndani yake mna kisa cha chombo kilichoachwa na mwenyewe kikaokolewa na majirani, na kisa hicho chatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa Desemba mwaka 1998, kampuni ya Marekani iitwayo MicroProse ilitoa mchezo uitwao Falcon 4.0. Mchezaji aliketi ndani ya ndege aina ya F-16 katika anga ya Korea. Haukuwa mchezo wa kubonyeza na kulipua. Aliyeununua alipewa pamoja nao kitabu cha maelezo chenye kurasa zipatazo mia sita, na kabla ya kuruka ilimpasa ajifunze kuwasha injini, kuweka sawa mitambo ya kuonyesha njia, kusoma rada na kuzungumza na mnara. Na ajabu yake kubwa ilikuwa vita vyenyewe. Katika michezo mingine vita humngoja mchezaji, kama mwigizaji angojavyo pazia lifunguliwe. Katika huu, vita vyaenda vyenyewe. Majeshi husonga mbele na kurudi nyuma, daraja likivunjwa leo kesho bado limevunjika, na rubani ni mmoja tu kati ya maelfu. Akilala, vita haviilali.

Lakini mchezo huo ulitoka kabla haujaiva. Ulikuwa na kasoro tele, na kila mara kompyuta zilikwama. Waundaji walijitahidi kuzirekebisha kwa muda wa mwaka mmoja. Kisha, mwishoni mwa mwaka 1999, Hasbro Interactive, iliyokuwa imeinunua MicroProse, iliivunja timu ile. Hesabu za biashara zilisema kwamba chombo hakilipi, basi kikaachwa juu ya mchanga. Mwezi wa Aprili mwaka 2000 maandishi ya ndani ya programu ile, yaani siri yote ya jinsi ilivyoundwa, yakavuja na kuenea katika intaneti.

Hapo ndipo walipoingia wale ninaowaita makalafati. Walikuwa watu wa nchi mbalimbali, wengi wao hawajapata kuonana uso kwa uso, kila mmoja na kazi yake ya mchana. Usiku walikaa wakaziba nyufa. Mmoja alisahihisha namna ndege inavyopinda hewani, mwingine mlio wa injini, mwingine ramani, mwingine akaandika vitabu vya maelezo. Hawakulipwa. Wala hawakuwa malaika. Waligombana, wakagawanyika makundi makundi, na baadhi ya makundi hayo yakafa. Kundi moja, Benchmark Sims, ambalo kazi yake hujulikana kwa kifupi kama Falcon BMS, lilidumu. Mwaka 2011 lilitoa toleo kubwa lililoufanya mchezo ule wa zamani uonekane kama umezaliwa upya. Likaendelea kutoa mengine, na kufika mwaka 2022 mchezaji aliweza kuvaa miwani inayomzungushia dunia nzima ya ndani ya ndege, akageuza shingo na kutazama mkia wake mwenyewe.

Wafanyabiashara nao hawakulala. Mwaka 2005 kampuni ya Lead Pursuit ilitoa kwa ruhusa toleo lake la kuuza, Falcon 4.0: Allied Force. Lilisifiwa, likanunuliwa, kisha likakoma. Mshindani mkubwa zaidi ni DCS World wa kampuni ya Eagle Dynamics. Huo sina budi kuusifu. Sura yake yapendeza: mawingu, bahari na vyuma vyake vyang'aa hata mtazamaji akadhani ni picha ya kweli. Mlango wake ni wa bure, ila ndege huuzwa mojamoja, na ndege moja yaweza kufika dola themanini. F-16 yao ilianza kuuzwa mwaka 2019, hali kazi yake haijakamilika, wanunuzi wakiombwa wangoje.

Sasa swali ni hili. Kama duka lina bidhaa nzuri hivyo, mbona watu bado wanashikamana na chombo kikuukuu cha mwaka 1998? Wapo wasemao ni ubahili, kwamba kitu cha bure hakikosi wateja. Mimi siafiki. Mtu aliyenunua usukani, pedali na kompyuta ya bei kubwa hawezi kuambiwa anakimbia dola themanini. Tena wengi wao wanayo yote mawili.

Sababu naiona penginepo. Mnunuzi wa dukani ana haki moja tu, kulalamika. Akilalamika asisikizwe, hana la kufanya. Mwaka 2024 ulizuka ugomvi wa malipo kati ya Eagle Dynamics na RAZBAM, kampuni iliyoiunda ndege ya F-15E kwa ajili ya mchezo ule, na kazi ya kuiendeleza ndege hiyo ikasimama. Waliokuwa wamekwisha kuinunua walibaki wakitazama fahali wawili wakipigana, na nyasi ni wao. Lakini aliyemo katika jamaa wa kujitolea, akiona ufa, hutwaa patasi na pamba. Hata asiyejua kazi hiyo hupewa yake: kujaribu kabla ya wengine na kuripoti kasoro, kumfundisha mgeni namna ya kuwasha injini, kukaa naye usiku mzima bila kudai shilingi. Mtu hupenda kilichomtoa jasho. Nani asiyemjua mzee aliyebeba mawe ya msikiti wa mtaa wake, ambaye leo hukuonyesha ukuta na kukuambia, "jiwe lile ni langu"? Humwambii kitu juu ya msikiti mwingine, hata ukiwa na marumaru.

Hata hivyo, mapenzi yasitufumbe macho. Yako mambo mawili lazima yasemwe.

La kwanza ni amana. Maandishi yale ya mwaka 2000 hayakutolewa na mwenyewe, yalivuja. Mali ya mtu haiwi halali kwa sababu ameitupia kisogo. Kwa miaka mingi kazi ile ilifanywa katika kivuli, jina la Falcon likipita mikononi mwa kampuni baada ya kampuni. Linalonituliza kidogo ni sharti waliloliweka wenyewe watu wa BMS: asiyekuwa na nakala halali ya Falcon 4.0, programu yao haimfungulii mlango. Hawauzi, na humtaka kila mtu kwanza amlipe mwenye mali. Mwaka 2023 MicroProse mpya, iliyofufuliwa na watu wengine, ilitangaza kwamba imelipata jina la Falcon. Chombo kikarudi kwenye nyumba yenye jina lile la kwanza, na makalafati wangali kazini.

La pili ni kiburi. Kila jamaa wa kujitolea wana ugonjwa huu: hujiona wao ndio wenye kweli, na wanunuzi wa dukani ni watoto wa kuchezea rangi. Mgeni akiuliza swali jepesi hutupiwa kitabu cha kurasa mia sita usoni. Kazi ya hiari ikikosa adabu huwa ni klabu ya wajuaji, na klabu ya wajuaji hufa na wajuaji wake.

Turudi kwetu sasa, maana mtu hasimulii ya jirani ila ana lake moyoni. Kule ziwani wanajua habari za ndege zamani. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilianza kuleta barua kutoka Uingereza hadi Mwanza, na kutoka Khartoum hadi Kisumu zilitumika ndege za kutua majini, yaani mashua zenye mabawa. Wanajua vilevile habari za watu kuchanga ili wawe na chao. Jaramogi Oginga Odinga, mzaliwa wa Bondo, alianzisha kampuni ya Luo Thrift and Trading katika miaka ya 1940, watu wakatoa akiba zao ndogondogo hata likasimama jengo la Ramogi House mjini Kisumu, wakati ambao biashara ya mji ilikuwa mikononi mwa wengine. Baada ya uhuru nchi nzima ikaimba harambee, na shule na zahanati zikainuka kwa senti za wauza samaki na wauza nazi.

Basi hatukosi moyo wa kushusha chombo. Tunakosa makalafati. Nitatoa mfano mmoja unaoniuma kwa kuwa wahusu lugha yenyewe tunayoandikia. Mwezi wa Desemba mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kupigia hesabu iliyofasiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi ulioitwa Kilinux, kwa msaada wa wataalamu kutoka Sweden. Ilikuwa ni furaha. Kwa mara ya kwanza karani aliweza kufungua kompyuta ikamwambia "faili" na "hariri" kwa lugha yake. Microsoft, iliyokuwa ikiuza bidhaa kama hiyo, nayo ikatangaza katika mwaka huohuo kwamba itaisemesha yake Kiswahili. Mashindano mazuri kama nini!

Je, baadaye? OpenOffice yenyewe iliingia mikononi mwa kampuni ya Oracle mwaka 2010, na mwaka huohuo wajitoleaji wa dunia wakajitenga na kuanzisha LibreOffice, ambayo imezidi kustawi. Kila lugha iliyokuwa na watu wake ilihamia nao. Lakini sisi, tunaosema lugha ya mamilioni na mamilioni, tuliridhika na picha za uzinduzi. Jina la Jambo OpenOffice leo ni la historia. Halikuuawa na tajiri. Lilikosa watu kumi wa kukaa nalo jioni. Watu kumi tu, katika pwani yenye washairi wengi kuliko minazi, ambao wanaweza kukesha wakibishania vina na mizani!

Kinyume chake itazame Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Haina tajiri wa kuilipa mishahara, na makosa inayo. Ila kila siku yuko mtu anayeongeza kipande au kusahihisha herufi, na kwa hiyo iko hai. Tofauti ya hizi mbili si fedha. Ni yule mtu wa kesho yake.

Kwa hiyo kijana wa Usenge anayeujua mchezo ule wa ndege simwiti mpotevu wa wakati. Namwomba tu atazame ni nini alichokipenda. Kama ni mlipuko na moshi, hilo ni jambo dogo, na vita vya kweli, kama wanavyojua watu wa Sudan na Kongo ambao ziwa hili na mito yake vyatuunganisha nao, havina kitufe cha kuanza upya. Lakini kama alichokipenda ni ule udugu wa kuziba nyufa, basi ameokota elimu. Aichukue aipeleke mahali inapohitajika. Vitabu vya injini za mashua pale Usenge bado vyaandikwa kwa Kiingereza, na fundi hukisia. Maneno ya wavuvi, ya Kiluo na ya Kiswahili, hayajaingia yote kamusini. Programu za bure za shule zangoja mfasiri. Na kijana wa Mombasa au Unguja anaweza kumsaidia huyo wa Usenge bila kupanda basi, kama Mmarekani na Mfaransa walivyousaidiana mchezo wao bila kuonana.

Wala tusingoje sherehe. Tukingoja mgeni rasmi, hema na vipaza sauti, tutashusha chombo kingine na kukiacha kioze. Kazi hii yataka watu wachache wenye subira, watakaoanza kimya na kurudi wiki ijayo, na wiki ya baada yake. Mwenye pamba na alete pamba, mwenye nyundo na alete nyundo.