Koko akianza kusahau, tumwombe munganga kipimo cha kumbukumbu



Juma hili tuzungumze juu ya wazazi wetu wenye kuzeeka. Katika vikundi vyetu, hata siku ya likelemba, mara nyingi mama mmoja hunong'ona: "Koko wa kwetu amebadilika." Anauliza swali moja mara tano. Anaacha sufuria motoni na kwenda kulala. Anapotea kwenye njia ya soko aliyoipita miaka yote. Na sisi tunamjibu: "Ni uzee tu." Ao, kwa sauti ya chini: "Huyo ana kitu."

Majibu hayo yote yanaumiza. La kwanza linamnyima koko matunzo. La pili, hapa kwetu Kivu, limekwisha kufanya wamama wazee wafukuzwe, wapigwe, na hata wauawe, eti ni wachawi. Mzee anayezunguka usiku bila kujua nyumba yake anahitaji munganga.

Shirika la Afya Ulimwenguni linasema wazi: kupoteza akili na kumbukumbu si sehemu ya kawaida ya uzee. Kusahau jina la jirani, kisha kulikumbuka jioni, si neno kubwa. Lakini akishindwa kuhesabu pesa alizozoea, akipotea karibu na nyumbani, ao tabia yake ikigeuka, ni wakati wa kuomba kipimo.

Kipimo chenyewe hakina sindano. Ni maswali ya dakika chache. Munganga anauliza: leo ni siku gani, tuko katika mji gani? Anataja maneno matatu, na baadaye anamwomba ayarudilie. Anaweza kumwomba ataje majina ya nyama wa porini ao achore saa. Kimoja kinachojulikana sana, MMSE, kilitolewa mwaka 1975, nacho kina alama 30.

Hapa tuwe macho. Vipimo vingi vilitungwa kwa watu waliosoma. Koko ambaye hakushika kalamu maisha yake yote anaweza kupata alama ndogo, na akili yake ni nzima. Kwa hiyo, kabla maswali hayajaanza, mwambie munganga mambo matatu: koko alisoma hadi wapi; lugha anayoisikia vizuri, kama ni Mashi, Kinande ao Kiswahili, ili asiulizwe kwa Kifaransa; na kama masikio ao macho yake yamechoka.

Kuna pia kipimo kinachoitwa CSI-D, ambacho kimetumiwa Ibadan, Bangui na Brazzaville, hata kwa wazee wasiosoma. Kinamuuliza mzee mwenyewe, kisha kinamuuliza mtu wa jamaa anayeishi naye. Ndiyo kusema ushuhuda wako, mama, ni sehemu ya kipimo. Chukua daftari ya mtoto na uandike: ilianza lini, ni mambo gani anashindwa, alianguka lini, anakunywa dawa gani, hata zile za miti shamba.

Alama ndogo peke yake haitoshi kutaja ugonjwa. Omba na damu ipimwe. Upungufu wa damu, sukari, ugonjwa wa tezi ya shingo, ukosefu wa vitamini B12, kaswende na virusi vya ukimwi vinaweza kuharibu kumbukumbu. Huzuni nzito pia, na wazee wetu wamezika watoto na kukimbia vita. Mengi ya hayo yana matibabu. Na kama koko amechanganyikiwa kwa ghafla, kwa siku moja ao mbili, msingoje: inaweza kuwa malaria, maambukizo, ao damu iliyovuja kichwani kisha kuanguka. Mpelekeni siku ileile.

Anzeni kwenye kituo cha afya cha mtaa na mwombe barua ya kutumwa hospitali kubwa. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu. Watu wanaziita nyumba za wazimu, lakini ni mahali pa kutunza magonjwa ya akili na ya ubongo. Hakuna haya kuingia pale.

Namna ya kumwambia koko nayo ni heshima. Usimdanganye, wala usimvute kama mtoto. Mwambie: "Mama, tunaona kichwa kinakuchokesha siku hizi. Twende kwa munganga atuangalilie." Akikosa jibu mbele ya munganga, usicheke, wala usimjibulie.

Pengine munganga atasema ni Alzheimer. Dawa ya kuuponya bado haipo. Lakini kujua kunasaidia: jamaa linagawana zamu, moto unaangaliwa, karatasi za shamba zinawekwa salama koko akiwa bado anaweza kusema mapenzi yake. Na siku jirani atakapoanza kusema uchawi, mtakuwa na neno la munganga la kumjibu.

Katika mkutano ujao, mwenyekiti wa kila kikundi aulize: nani ana mzee anayesahau nyumbani? Kama ni pesa ya motari inayokosa, tuchange. Mama mmoja aliyefika kituoni atawaonyesha njia wengine.

Tuonane juma lijalo.