Kwa Nini Ahame Aliyepigwa?

Nchini Kenya, inapobainika kwamba mwanamke anapigwa na mumewe, swali moja hutangulia mengine yote katika vikao vya jamaa, kanisani, msikitini na hata kwenye meza ya polisi: kwa nini haondoki? Mara nyingi huulizwa kwa huruma, na ndiyo maana limedumu. Lakini ndani yake mna imani potofu kwamba nyumba ni ya anayepiga, na kwamba mwenye kuonewa akitaka usalama akautafute barabarani. Imani hiyo inapingana na sheria ya nchi.

Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 inaipa mahakama uwezo wa kutoa amri ya ulinzi, yaani agizo la maandishi linalomkataza mtu aliyetajwa kumpiga, kumtisha, kumfuatafuata au kumkaribia mwombaji, na ambalo, hali ikidai hivyo, humtoa katika nyumba waliyokuwa wakiishi pamoja. Jambo ambalo wengi hawaliamini hata wakielezwa ni kwamba anaweza kutolewa hata kama hatimiliki au mkataba wa kodi una jina lake, kwa sababu linaloamuliwa hapo ni usalama. Umiliki unabaki ulipokuwa, na mwenye hati hapokonywi hati yake kwa kuzuiwa kulala chini ya paa lile. Sheria hiyo haimlindi mke wa ndoa peke yake, kwani inawagusa pia mtalaka, mchumba, mzazi mwenza, ndugu wa nyumba moja, na vilevile mwanamume anayepigwa na mkewe. Hatari ikiwa karibu, hakimu anaweza kutoa amri ya muda baada ya kumsikiliza mwombaji pekee, kisha mlalamikiwa akaitwa ajitetee. Ushahidi nao hupimwa kwa kiwango cha kesi za madai, yaani kwa kutazama ni lipi lina uelekeo zaidi wa kuwa kweli, hivyo kwamba nambari ya OB iliyoandikwa kituoni, fomu ya P3 iliyojazwa hospitalini, vitisho vilivyobaki kwenye simu na kiapo cha jirani aliyesikia kelele vina uzito mkubwa kuliko waathiriwa wengi wanavyodhani.

Yafaa kutazama kwa makini kile anachoambiwa akiache yule anayehimizwa kuondoka. Huacha shule ambayo karo ya muhula imekwisha kulipwa, kibanda cha mboga chenye wateja wa mkopo ambao hawatamfuata mtaa mwingine, zamu yake ya kupokea pesa za chama, na majirani ambao ndio mashahidi wake. Hufika kwa dada mwenye chumba kimoja, au kwa wazazi ambao baada ya wiki chache wanaanza kuuliza mahari itarudishwaje, kwa kuwa makao ya dharura nchini ni machache mno. Aliyepiga, kwa upande wake, analala kitandani kwake na asubuhi anakwenda kazini kama kawaida. Tena, watafiti wa ukatili wa wenzi katika nchi mbalimbali wamebaini kwamba kipindi cha kutengana ni miongoni mwa vipindi vyenye hatari kubwa zaidi ya kuuawa. Anayeondoka bila ulinzi huingia katika kipindi hicho mikono mitupu.

Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekimbia marathoni katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto tarehe 1 Septemba mwaka huo nyumbani kwake Endebess, kaunti ya Trans Nzoia, akafariki siku nne baadaye hospitalini Eldoret. Polisi walimtaja mwanamume aliyewahi kuwa mwenzi wake kuwa ndiye mtendaji, na ilielezwa kwamba walikuwa wakizozania ardhi iliyokuwa na nyumba hiyo. Je, naye angeambiwa aondoke? Aende wapi, na amwachie nani kiwanja?

Wapo wanaosema kwamba karatasi ya mahakama haizuii panga, na kuna ukweli katika kauli hiyo, kwa maana amri ambayo haijamfikia mlalamikiwa mkononi, wala haijulikani katika kituo cha polisi cha eneo lake, haina meno. Lakini wanasahau kwamba kuivunja amri ni kosa la jinai, lenye faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 12 au vyote viwili, kwa hiyo mtu huyo akionekana langoni, polisi hawana haja ya kungoja jeraha jipya ndipo wapate la kumshtakia. Vikao vya wazee, vinavyotoza mbuzi kisha vikafunika kombe mwanaharamu apite, havina uwezo wa namna hiyo. Katiba ya mwaka 2010 inatambua usuluhishi wa jadi katika ibara ya 159, lakini ibara hiyohiyo inaukataza kukiuka haki za kimsingi, na kutotendewa ukatili na mtu yeyote, awe ofisa wa serikali au mume, ni mojawapo ya haki hizo kwa mujibu wa ibara ya 29.

Lawama kubwa zaidi, hata hivyo, inaangukia kituo cha polisi, ambako wengi hufika kwa mara ya kwanza. Sheria ya mwaka 2015 inamwajibisha ofisa anayepokea malalamiko amweleze mlalamikaji kuhusu makao salama, matibabu, haki ya kufungua mashtaka ya jinai, na haki ya kuomba amri ya ulinzi. Ofisa anayemwambia mwanamke aliyevimba jicho arudi kwao kwanza hadi hasira za mume zitulie amekiuka wajibu alioandikiwa, hata kama nia yake ni njema, na wakuu wake wanapaswa kumwita ajieleze.