Jamaa ya Wavuvi Isiyokuwa Jamaa



Macho husadiki upesi. Tukiona katika sinema baba akivua, mama akibeba mzigo, na mtoto akingojea ufukoni, twasema mara: «Tazameni, ndivyo wanavyoishi!» Lakini yule mwenye kupiga sinema aliwaagiza watu hao wafanye nini? Hayo picha haituambii. Leo tuzungumze habari ya sinema moja iliyosifiwa sana, tupate kujifunza kutazama kwa akili.

Magharibi ya nchi ya Ayalandi, katika bahari ya Atlantiki, viko visiwa vitatu viitwavyo Aran. Ardhi yake ni mawe matupu. Wakaaji wake wameshika dini Katoliki tangu zamani. Mtakatifu Enda alijenga monasteri huko zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Ili wapate kulima viazi, wazee wao walibeba mgongoni vikapu vya mchanga na mwani, yaani majani ya baharini, wakavitandaza juu ya mawe mpaka pakawa shamba. Baharini walikwenda kwa mitumbwi myepesi, yenye mbavu za mti zilizovikwa kitambaa kizito kilichopakwa lami.

Mwaka 1932 Mmarekani mmoja, Robert Flaherty, alianza kupiga sinema katika kisiwa kilicho kikubwa kati ya hivyo, akakaa huko zaidi ya mwaka. Sinema yake, Man of Aran, ilitoka mwaka 1934, ikapata zawadi kubwa katika mashindano ya Venice mwaka ule ule. Yaonyesha baba, mama na mtoto wao mwanamume wakipigana na bahari.

Kumbe, hao watatu hawakuwa jamaa moja! Flaherty aliwachagua mmoja mmoja kwa ajili ya sura zao: Colman King awe baba, Maggie Dirrane awe mama, kijana Michael Dillane awe mtoto. Nyumba yao nayo ilijengwa kwa ajili ya sinema. Sauti zao hazikunaswa kisiwani. Zilitiwa baadaye huko London. Tena twaona wanaume wakimchoma kwa mkuki papa mkubwa sana, samaki awezaye kufika urefu wa metri 10, ili wapate mafuta ya taa. Lakini desturi hiyo ilikuwa imekwisha kisiwani tangu zamani, hata ikalazimu kuwafundisha wavuvi upya.

Liko jambo zito zaidi. Flaherty alitaka picha ya mtumbwi katikati ya tufani, basi wanaume watatu wakatoka kupiga makasia katika mawimbi makali. Mawimbi yale hayakuwa ya mchezo. Walirudi wazima, lakini baadaye Flaherty mwenyewe alikiri kwamba alistahili kupigwa risasi kwa yale aliyowaomba watu hao, kwa malipo ya pauni 5 kila mtu na pipa la bia.

Je, tuseme sinema hiyo ni uongo mtupu? Hapana. Ushujaa wa wapiga makasia ni wa kweli, na taabu ya kupata udongo juu ya mawe ni ya kweli. Lakini mtazamaji hakuambiwa lipi ni la leo na lipi ni la babu zao. Tena hatuoni watu hao wakienda Misa, ingawa imani ndiyo iliyokuwa nguzo ya nyumba zao. Mwenye kupunguza sehemu kubwa ya kweli huwanyima watu haki yao, hata kama anawasifu.

Baba Mtakatifu Pio XI, katika barua yake Vigilanti Cura ya mwaka 1936, alifundisha kwamba sinema ina nguvu kubwa ya kuwavuta watu, ama kwenye wema, ama kwenye ubaya. Siku hizi hata mwanafunzi mwenye simu aweza kupiga sinema ya jamaa yake. Na wageni waweza kufika kwa wavuvi wetu wa ziwa Tanganika, watokao usiku na taa kutafuta ndakala.

Basi, enyi baba na mama, mgeni akiomba kuwapiga sinema, mpokeeni kwa heshima, lakini mwulizeni kwanza: Utatuonyesha tulivyo, au unavyotaka tuwe? Sala yetu na shule ya watoto wetu utaziacha nje? Na ziwa likichafuka, utatungoja mpaka litulie? Akikasirika kwa maswali hayo, mwageni kwa upole.

Nanyi wanafunzi, mkipiga picha, msimwagize mtu jambo ambalo msingependa ndugu yenu aagizwe. Hakuna picha ipitayo thamani ya roho moja ya mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu.